Radhi Iliyongoja Kombe la Ulaya

Greyville, Durban
Jumatano

Baba yangu mzazi,

Shikamoo, na salaam za amani zikukute hapo kwenye kiti chako. Natumai kifua kimeacha kukubana asubuhi, na macho bado yanaliona tundu la sindano. Sisi huku wazima, kama ulitaka kujua. Zuhura ameng'oka meno mawili ya mbele, mume wangu mgongo unamsumbua, na mimi siumwi kitu ambacho daktari angekishika akasema ni hapa.

Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Mwanga, hapo hapo Kigoma, anayechukua vitenge huko na kutuletea huku. Nimemwambia akupe mkononi mwako, asimpe Hamisi. Nina kisa na huyo mwanao, utakiona huko mbele. Ningeweza kutuma sauti kwenye simu yake akusikilizishe, lakini sauti unaikata katikati na maneno yanabaki kooni kwa msemaji. Karatasi hata ukiitupa, utakuwa umeisoma kidogo. Wanasema barua ni nusu ya kuonana. Nusu yangu ndiyo hii.

Kwanza hongera ya kombe. Jina la timu sitaliandika humu, mkono umelichoka, na wewe unalijua kuliko majina ya wajukuu wako. Mmechukua kombe la Ulaya. Mlilingoja tangu mimi sijazaliwa, mkachekwa Ujiji nzima, mkaitwa wazee wa mwakani, na sasa mmelibeba. Nasema mmelibeba. Jumamosi nilikuwa nasema tumelibeba. Tangu Jumapili mimi simo.

Acha nikueleze nilivyokuwamo, maana inaonekana hujui.

Mwaka ule wazee wa Ezekieli walipoleta posa, uliwarudisha chai hawajamaliza. Ulisema Mrundi, tena Mkristo, hata kama amezaliwa hapo hapo Kigoma na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha Hamisi. Tukaoana bomani. Siku moja kabla ya safari nikaja kukuaga dukani. Ulikuwa kibarazani unashona kola ya kanzu, uzi mdomoni, mguu kwenye pedeli. Ndani ya kanzu yako mwenyewe ulivaa jezi, kwa sababu timu ilikuwa imefungwa tano usiku uliotangulia, na desturi yako ni kutovua jezi ya msiba mpaka jua lizame. Benchi lilijaa wateja na wapiga soga. Nikapiga magoti mbele yao wote nikasema, "Baba, naondoka, naomba radhi yako." Mguu hukuuinua. Ulitoa uzi mdomoni ukasema, "Radhi yangu utaipata siku timu yangu ikichukua kombe la Ulaya."

Benchi likacheka mpaka mzee mmoja akamwaga kahawa. Tano bila, nani asingecheka.

Mimi sikucheka. Watu wengine husema mpaka kuku aote meno. Njiani kuelekea stesheni nilimwambia Ezekieli, mshukuru Mungu hakusema kuku. Kuku hana hata ufizi. Timu ina miguu, na kila mwaka inaruhusiwa kujaribu. Tena mimi nilikulia hapo chini ya meza yako, nikikusomea kurasa za michezo wakati miwani yako imevunjika na pesa ya kununua mingine hakuna. Nilijua baba yangu anaweza kutania juu ya chochote, juu ya mauti hata, lakini timu haiguswi kwa utani. Kwa hiyo nilielewa kwamba hukunifungia mlango. Uliurudishia tu. Nikaondoka na uelewa huo, na nimekaa nao miaka tisa, Baba, nikiulisha na kuuvalisha.

Nimekuwa shabiki kukushinda. Wewe uliipenda ile timu, mimi niliihitaji.

Huku nashona kwenye kona ya saluni ya Mama Bea, Mkongo wa Bukavu, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa na roho laini kama mkate. Wao wanasuka, mimi napunguza suruali, nabadilisha zipu, na shule zikikaribia kufunguliwa nashona sare. Kazi yangu ni safi, hiyo ulinifundisha na sikatai. Lakini mji huu una siku zake. Nikiwa na mimba ya Zuhura nilienda kliniki nikakuta watu wamesimama getini, si wauguzi, watu tu na fulana zao, wanauliza kitambulisho cha hapa, na asiye nacho arudi kwao. Nikarudi na tumbo langu kwa miguu. Mwaka mwingine wageni walifukuzwa mitaani, tukashusha geti la saluni tukakaa gizani tunasikiliza vioo vya jirani vinavunjwa. Kila jambo kama hilo lilipotokea, wenzangu walisema ni serikali, ni umaskini, ni chuki. Mimi moyoni nilisema ni radhi. Nimetoka bila radhi ya mzazi, nilitegemea nini?

Basi nikawa naingoja timu. Ikifika robo fainali nafunga, na sikumwambia mtu ni saumu ya nini. Mama Bea alidhani nalipa siku za Ramadhani, akanisifu. Ezekieli, Mkatoliki wa watu, ambaye mpira kwake ni makelele, alikwenda kanisani akawasha mshumaa kwa ajili ya goti la beki wa kushoto. Padri akamuuliza, huyo mgonjwa ni ndugu yako? Akajibu, "Ni wa upande wa mke wangu."

Nilicheka siku ile. Nataka ujue kwamba mtu huyo uliyemrudisha na chai yake alikuwa anakuombea ushinde.

Sasa nifike kwa Mama.

Mama alipofariki mwaka juzi, timu ilikuwa bado imo kwenye mashindano. Hamisi alinipigia nikiwa kwenye mashine. Nilipoweza kusema, jambo la kwanza nililomuuliza ni, "Je, naweza kuja?" Akasema, "Dada, unalijua neno la Mzee." Basi. Nikalijua. Sikuja. Nilikaa matanga ya mama yangu kwenye sakafu ya chumba cha kupanga, na waliokaa nami ni Wakongo na Warundi, wamekuja na sukari na unga, wanawake ambao hawajawahi kuiona Ujiji. Walisoma walichokijua, nikasoma nilichokijua. Zuhura, tuliyempa jina la bibi yake, alikuwa anapita akitugawia maji. Wiki iliyofuata timu ikafungwa ikatolewa. Nilicheka peke yangu ndani ya taksi, ambayo huku ndiyo daladala, watu wakasogea pembeni.

Usidhani nilikulaumu. Hapo ndipo ujinga wangu ulipofika. Nilijiambia, Baba ameshika neno lake, mwanamume ni neno lake, na siku timu ikichukua kombe atalishika vilevile. Nilikuwa najivunia ugumu wako.

Jumamosi fainali ilianza saa kumi na mbili jioni ya huku. Saluni ilijaa, kuna waliokuja kusuka na kuna waliokuja kwa ajili ya runinga iliyo juu ya vioo. Wanafunzi wa kwetu walikuja na jezi, na wauza vocha za simu wa Kizulu wakasimama mlangoni. Mimi sikuweza kutazama. Nikageuza kiti nikaelekea ukutani nikashona pindo la sketi za shule, nikawa naufuata mchezo kwa kusikia watu nyuma yangu wanavyovuta pumzi. Nimeshona pindo la sketi moja mara tatu, huwezi kuamini, na zote tatu zimepinda. Mwishoni mwishoni kona ikapigwa, sikuona nani amepiga kichwa, nikasikia tu kiti kimeanguka na wanaume wazima wanalia. Ezekieli alikuja akanishika mabega, ananitikisa tu. Nje magari yalisimama kwenye taa za barabarani, ambazo huku wanaziita robot, wakapiga honi hadi taa ikawa kijani mara mbili na hakuna aliyeondoka.

Mama Bea akanikuta nimejiinamia kwenye mashine. "Tatu, banashinda, na weye uko nalia? Juu ya nini?"

Ndipo nikamwambia. Miaka yote hiyo nilikuwa sijamwambia mtu ila mume wangu. Wasusi waliacha kusuka wakanisikiliza. Walipoelewa, wakapiga vigelegele ambavyo havikuwa vya kombe. Walikuwa wananipigia mimi, kama mwari. Mwanafunzi mmoja akasema, "Dada Tatu, Mzee atapiga simu sasa hivi, weka simu mezani." Nikaiweka juu ya mashine. Simu za watu wote mle ndani zilikuwa zinaita, ndugu wa Dar, ndugu wa Bukavu, watu wanatukanana kwa furaha. Yangu ikanyamaza. Nikakutetea kwao: Baba hana simu kubwa, Baba sasa hivi amebebwa juujuu na benchi lake, Baba atapiga kesho akitulia.

Jumapili asubuhi nikapiga mimi, kwa Hamisi. Makelele niliyoyasikia kwanza nilidhani ni harusi. Hamisi akasema umechinja mbuzi, kibaraza kimejaa, na jezi umeivaa juu ya kanzu. Nikamwambia, niwekee nimsikie. Akaweka sauti ya wazi. "Mzee, ni Tatu wa Afrika Kusini."

Na wewe ukasema, "Mwambie tumechukua. Huyo ndiye alikuwa msomaji wangu wa gazeti."

Ulicheka, Baba. Tangu niondoke sikuwa nimesikia kicheko chako, na kilikuwa kile kile, kinachoanza puani. Nilikaa chini sakafuni. Ningekufa dakika ile, ningekufa nimeshiba.

Kisha Hamisi akasema, "Anaulizia radhi. Uliahidi."

"Niliahidi nini?"

"Ulisema timu ikichukua kombe la Ulaya utampa radhi."

Nikasikia kijiko kinagonga sufuria. Halafu ukasema, "Mimi? Nilisema lini?" Mtu mmoja wa benchini akacheka akasema Mzee kwa kombe hili leo ataahidi mpaka shamba. Wewe hukucheka. Sauti yako ilibadilika, nikaitambua, ni ile unayomtolea mteja aliyeharibu kipimo akamsingizia fundi. "Mwambie asinitafutie maneno. Mtoto ametutupa. Hata mamake alipokufa hakuja. Nilimwekea nafasi, sikuruhusu shughuli ya arobaini ianze mpaka magharibi, nikasema huenda basi limechelewa. Hakuja. Leo ananiletea habari za mpira?"

Simu niliikata mimi, si mtandao. Usimlaumu Hamisi kwa hilo.

Mlaumu kwa hili. Mchana nikampigia tena nikamwambia atoke hapo aende pembeni peke yake. Nikamuuliza, "Mama alipofariki, ulimuuliza Baba kama nije?" Akaanza kuniambia dada unajua mambo yalivyokuwa. Nikamuuliza tena, kwa Kiswahili kifupi, ulimuuliza au hukumuuliza. Akasema, "Niliogopa kumchokoza." Yaani hakukuuliza. Hakuna aliyekuuliza, Baba. Nyumba nzima ilikuwa inapita kwa kunyata kuzunguka neno lako, Hamisi, shangazi, hata Mama mwenyewe akiniambia kwenye simu vumilia mwanangu unamjua baba yako, na mwenye neno ulikuwa umelidondosha kibarazani siku ile ile, pamoja na vipande vya uzi, ukafagia.

Hapa nimeandika mistari miwili nikaikata, utaona wino.

Nimekasirika. Nakuandikia wazi kwa sababu kwa adabu nimekaa miaka tisa na adabu haikunifikisha popote. Ungekuwa umenikatalia kwa chuki, ningekuelewa. Chuki angalau humkumbuka mtu. Ulinikatalia kwa mzaha, watu wakacheka, ukaendelea na kola. Na mimi nimekosa kukaa karibu na kitanda cha Mama kwa ajili ya mzaha huo. Nimeyahesabu mabaya yote ya mji huu kuwa ni yangu, wale wa getini kliniki nikawasamehe kabla hawajaniomba, kwa sababu nilidhani ni laana yangu ndiyo imewasimamisha pale. Ningewatukana, Baba. Haki yangu ilikuwa kuwatukana.

Mama Bea alisema juzi, anasuka kichwa cha mtu hata hakuniangalia, "Baba yako iko mutu ya namna gani? Yeye anasema neno, anasahau, na weye ndiye ulibaki unachunga hiyo neno." Nilitaka kukutetea kwa mazoea. Nikaichukua ile sketi iliyopinda, nikaanza kuifumua.

Ezekieli ndiye aliyenishangaza. Nilidhani angeshukuru kwamba amepata sababu ya kukusema, maana unampa nyingi naye hazitumii. Alikaa kitandani akasema, "Mzee alimngoja mwanawe siku ya arobaini mpaka magharibi. Hilo nalo ulitie kwenye barua." Nimelitia. Nimelisoma mara nyingi kuliko mengine yote, na bado limenikaa vibaya, kwa sababu ningejua kwamba umeningoja ningetembea kwa miguu.

Jezi yangu nimeikata vitambaa vya kupangusia mashine. Jumatatu saluni nzima walikuja na zao, wananiambia vaa, nikawaambia iko kazini.

Sasa sikiliza. Nakuja. Shule za huku zikifungwa mwezi wa saba nitakuja na Zuhura. Mume wangu karatasi zake hazimruhusu kuvuka mpaka, kwa hiyo huna haja ya kuandaa chai ya kumrudisha nayo. Zangu nazo huenda zikanisumbua mpakani nikirudi. Nimelifikiria, nimeona liwe. Nitafikia kwa shangazi. Asubuhi yake nitakwenda kwenye kaburi la Mama. Najua utasema mwanamke na makaburi wapi na wapi. Sema, nitakusikia nikiwa njiani.

Nisalimie shangazi, dada yako, umwambie aniwekee godoro na asinipikie samaki wetu wa ziwani, migebuka ya kukaanga, siku ya kwanza maana nitalia. Nisalimie wifi yangu, mke wa Hamisi, yeye hana kosa. Hamisi mwenyewe mwambie nimemsalimia nusu. Jirani yetu muuza mkaa, aliyeninyonyesha Mama alipokuwa mgonjwa, mpe mkono wangu kwa heshima zote. Na wazee wa benchi, waliobaki, wasalimie wote, hasa aliyemwaga kahawa. Nawahitaji wote wawepo, na ndiyo sababu nimelichelewesha jambo lenyewe hadi hapa mwisho.

Kutoka makaburini nitapita dukani kwako, mchana, wateja wakiwa wamekaa. Nitapiga magoti mahali pale pale na nitakuomba upya, kama ndiyo kwanza nakuomba, maana kumbe kwako ndivyo ilivyo. Ukinipa radhi nitaipokea kwa mikono miwili na barua hii uichome. Ukininyima, ninyime mbele ya watu, useme hapana, nami nitakushika mguu nikushukuru niondoke. Hapana naweza kuibeba, nitapanda nayo basi nirudi nayo Durban, nitalala nayo. Ila usinipe sharti, Baba. Hata dogo. Hata la kutania.

Mwanao,
Tatu